Mvamizi wa Jumatano

Mzee Kilele alikuwa hajafika kileleni kwa mwaka mmoja na miezi minane, na waliojua siri hiyo walikuwa wawili tu: mkewe na binti yao wa mwisho. Wengine wote waliendelea kumwita Mzee Kilele, naye aliendelea kuitika bila haya.

Jina alijitafutia mwenyewe. Kila kikao cha askari wa msitu alikifungua kwa kusema, "Mimi niliyefika kileleni mara nyingi kuliko mvua," mpaka wenzake wakachoka naye, wakampachika. Jina likashika. Kilichoachia ni goti. Aliteleza juu ya jiwe bichi akiwakimbiza wapasua mbao, goti likavimba, likanywea, likavimba tena, na tangu siku hiyo likawa linakubali njia ya tambarare na kukataa mlima. Kwa sheria za ofisi, askari asiyeweza kupanda anapelekwa getini, na askari wa getini hapewi nyumba ya juu, ile ya vyumba vitatu iliyo karibu kabisa na mpaka wa hifadhi. Mzee Kilele alilea watoto wanne ndani ya nyumba hiyo. Hakuwa na nyingine.

"Lete koti," mkewe alimwambia Jumatano ya kwanza, goti likiwa limefungwa kitambaa cha maji ya moto. "Nitakwenda mimi. Leo tu."

Doria ya Jumatano ilikuwa saa tano za kupanda hadi bikoni ya mwisho, nguzo ya mpaka kule juu, na saa nne za kurudi: kuhesabu wanyama, kung'oa mitego, kukagua miti, kuandika yote kwenye fomu. Ile "leo tu" ikazaa Jumatano themanini na sita.

Mwanzoni mkewe aliandika kwenye daftari, Mzee akanakili kwenye fomu. Lakini mama huyo alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza, na hakuweza kuvumilia kuona kima kumi na wanne wanageuka wanne kwa uvivu wa mtu mmoja. Mwezi wa pili akaanza kujaza fomu mwenyewe palepale msituni, mpaka sahihi ya mumewe, yenye mkia mrefu unaozunguka chini na kurudi juu. Aliipiga vizuri kuliko mwenyewe. Fomu ziliposomwa ofisini, watu walitikisa vichwa kwa heshima. "Kinyonga wa pembe tatu, tawi la tatu la mpodo uliopinda, analala. Msimguse." Nani alijua Mzee Kilele ana moyo laini hivyo?

Jumatano Mzee alikaa ndani, mapazia yamefungwa, akipika maharage. Binti yao alishona nguo barazani, na akiona mtu anapanda njia ya nyumba yao alikohoa mara mbili ili baba yake ajitupe chumbani. Siku nyingine alikohoa bila mtu yeyote kuja, kwa sababu tu alipenda kusikia sufuria zikianguka.

"Baba, umefika bikoni ya ngapi?" aliuliza kupitia dirishani.

"Nimefika pale maharage yanapoungua. Niletee maji."

Mambo yangeendelea hivyo kama zisingeletwa kamera.

Zilikuwa kumi, ndogo, za rangi ya matope, za kufunga kwenye miti. Mhifadhi mpya, binti mmoja mwenye miwani aliyehamia miezi michache tu nyuma, alimkabidhi Mzee Kilele zote kwa doria yake, akawaeleza askari kwamba kitu kikipita mbele, kamera inajipiga yenyewe. "Hizi ni kamera za wanyama," alisema, na Mzee Kilele, ambaye kwenye semina husikia sentensi ya kwanza na kungoja chai, akaenda nayo nyumbani hiyohiyo.

"Zinapiga wanyama tu," alimwambia mkewe.

"Zinajuaje huyu ni mnyama na huyu ni mtu?"

"Teknolojia, mama. Hayo hatuwezi kuyajua sisi."

Mkewe akazifunga zote kumi, moja baada ya nyingine, kwa fundo zuri. Baada ya miezi minne akachomoa kadi za picha, akazitia kwenye bahasha, akailamba, akaifunga, akamkabidhi mumewe apeleke ofisini. Na Mzee akaipeleka, tena ameivalia sare iliyopigwa pasi.

* * *

Mhifadhi aliwaita Jumatatu: Mzee Kilele na askari mwenzake, kijana waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Kompyuta ilikuwa mezani, imegeuzwa upande wao.

"Kwanza nikupongeze, Mzee wangu," alisema Mhifadhi. "Funo ishirini na wawili. Mbega. Na hapa, tazama, chui. Miaka kumi hapa ofisini hakuna aliyewahi kuthibitisha chui. Na wewe ulikuwa umeshaandika kwenye fomu: 'Nimeona unyayo, nadhani ni jike, anatembea kama mwenye mawazo.'"

"Basi tu, Bosi," alisema Mzee akiangalia buti zake kwa unyenyekevu. "Mtu ukikaa na msitu unauzoea."

"Sasa tatizo ni hili."

Akabonyeza. Ikatokea picha ya mtu amevaa koti la mvua la ofisi, kofia ya koti imevutwa mpaka kwenye nyusi, mtandio umeziba mdomo na pua kwa baridi ya kule juu. Mkoba ulining'inia mgongoni, umefunika namba ya koti. Akabonyeza tena: mtu yuleyule ameketi juu ya mzizi, anamenya kiazi. Tena: ameinua kidole, anamgombeza kima. Tena: ameinama chini, mgongo kwa kamera, koti limepanda juu, na karibu skrini nzima imejaa kitenge cha maua ya rangi ya chungwa.

Mzee Kilele alikijua kitenge hicho. Alikinunua mwenyewe.

"Lo!" Redio akasogea karibu na skrini. "Jambazi lina afya hili. Tena ni jike! Bosi, hebu rudisha hiyo ya kuinama."

"Koma!" Mzee alifoka. "Kuwa na adabu wewe!"

"Kwani ndugu yako?"

"Ni... ni binadamu."

Mhifadhi alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. "Picha mia na tisa," alisema. "Zote za Jumatano. Sasa Mzee wangu, wewe unapita hapohapo kila Jumatano. Hujawahi kukutana na huyu mtu?"

"Msitu ni mkubwa, Bosi."

"Na wewe mwenyewe huonekani kwenye picha hata moja."

Nje, mtu alikuwa anafagia ua, na ufagio ule ulisikika kama unafagia kichwani mwa Mzee.

"Mimi huwa napita nyuma ya kamera," alisema mwishowe. "Sipendi kupigwapigwa picha."

"Tumvizie!" Redio akadakia. "Mimi nipewe bunduki tu. Mtu wa hivi unampiga ya mguu kwanza, maswali baadaye."

"Hakuna atakayepigwa," Mhifadhi alisema, lakini alisema akiandika, bila kuinua kichwa, na Mzee hakuona kama amesema kwa nguvu ya kutosha. "Keshokutwa ni Jumatano. Tutapanda sote watatu. Mzee utatuongoza, kwa kuwa wewe ndiye mwenyeji."

* * *

"Nimetokaje?" ndilo lililokuwa swali la kwanza la mkewe.

"Nimekwambia kazi inaondoka, nyumba inaondoka, wewe unauliza umetokaje?"

"Nimeuliza."

"Umetoka kwa nyuma."

"Kwa nyuma vipi?"

"Kwa nyuma yote," alisema Mzee, na binti yao akaangusha mkasi, akatoka nje kwenda kucheka karibu na tangi la maji. Walimsikia.

Mkewe hakucheka. Alikaa kitandani, akakunja mikono. "Ulisema zinapiga wanyama tu."

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Miezi minne naisalimia ile ya kwenye mkuyu wa bondeni. Naiambia, hujambo, leo umeona nini. Kumbe nyie huko mnaniangalia!" Akafikiri kidogo. "Na Redio naye ameona?"

Mzee alitazama dari. Hilo la Redio aliamua kufa nalo.

Akamweleza alichokuwa amepanga njiani: Jumatano hii mkewe asitoke. Yeye Mzee atapanda na wakubwa, wataviziavizia, hawatamwona mtu, wataandika kuwa mvamizi kakimbia, basi. Goti atalifunga vizuri. Saa tano si maisha.

"Na njia je?"

"Njia ninaijua. Mimi si ndiye Mzee Kilele?"

Mkewe akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko angetukanwa. "Ile unayoijua wewe ilizibwa na mti mwaka jana, baba. Kuna ya kuzunguka, nimeikata mwenyewe. Kaa hapa, nikufundishe."

Basi Mzee wa miaka hamsini na saba akakaa kama mwanafunzi, anakariri: mti ulioanguka, kushoto, mawe mawili, katikati, ukisikia maji, usiyafuate. Alikosea mara sita. Mara ya saba mkewe akafunga daftari.

"Mtanikanyagia vitu vyangu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna miche pale juu ya kijito, mipodo, nimeihesabu tangu ilipokuwa na majani mawili. Na upande wa pili kuna mtu anatega nyaya. Kila wiki natoa, kila wiki anarudisha. Nisipokwenda mimi, nani atazitoa?"

Mzee alikuwa amefikiri kwamba mkewe anabeba mzigo wake. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba huenda anaupenda, na jambo hilo lilimuumiza kwa namna ambayo hakuweza kuieleza.

* * *

Saa ya kwanza Mzee Kilele alitembea vizuri na kusema sana. Aliwaonyesha miti, akaitaja kwa sauti, miwili akaitaja sawa. Redio alibeba bunduki kifuani kama mtoto mchanga. Mhifadhi alikuja nyuma na bunda la fomu ndani ya mfuko wa nailoni, na kila walipofika mahali alizipekua.

"Mzee wangu, hapa uliandika kuna mzinga wa nyuki wadogo wasiouma."

"Walihama."

"Wiki iliyopita?"

"Nyuki hawaagi, Bosi."

Mti ulioanguka, kushoto. Walipofika kwenye mawe mawili alipita pembeni badala ya katikati, wakaishia kwenye matope ya magotini, na goti lake likayasalimu matope hayo kwa mlio ambao hata Redio aliusikia. Mzee alijikaza kisabuni. Akakata fimbo. Akasema fimbo ni ya nyoka.

Saa ya pili hakusema kitu. Saa ya tatu ilianza kwa mwinuko mmoja unaopanda kama ngazi za mnara, na mbele ya mwinuko ule Mhifadhi akatoa fomu nyingine.

"Mpodo uliopinda. Tawi la tatu. Kinyonga. Mzee wangu, huyu hasa nimemtamani kumwona. Nionyeshe."

Mbele yao kulikuwa na mipodo minne, na yote ilikuwa imepindapinda. Mzee aliinua fimbo, akaielekeza kwenye mmoja, kisha mwingine. Ukungu ulikuwa unashuka. Goti lilikuwa limejaa ndani ya suruali mpaka kitambaa kimekaza. Akashusha fimbo, akatafuta jiwe, akakaa.

"Bosi," alisema, "hakuna mvamizi."

"Endelea."

"Yule ni mke wangu. Mimi huku sijafika tangu goti life. Themanini na sita, zote yeye. Fomu yeye, chui yeye, na hizo kamera alifunga yeye." Aliona aibu ikimpanda usoni, na chini ya aibu kulikuwa na wepesi, kama mtu aliyetua gunia. "Mimi nilikuwa napika maharage."

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakikutoka kitu. Bila shaka alikuwa amekumbuka ile picha ya kuinama.

Kabla Mhifadhi hajajibu, kikasikika kitu kinakuja kwenye majani. Redio, ambaye alihitaji sana jambo la kufanya, akaruka nyuma ya mti na kuinua bunduki.

"Simama hapohapo!"

"Simama wewe!" sauti ya mama ikamjibu. "Umekanyaga mche! Inua mguu. Si huo, huo mwingine. Taratibu."

Redio akainua mguu. Mke wa Mzee Kilele akatokea kwenye ukungu, nailoni kichwani badala ya koti, kikapu mkononi, hahemi hata kidogo. Akapita mbele ya bunduki kama mtu anayepita mbele ya kamba ya nguo, akachuchumaa, akaunyoosha ule mche kwa vidole viwili na kuushindilia udongo. Ndipo akasimama na kumwamkia Mhifadhi.

"Nimewaletea viazi," alisema. "Nilijua Mzee hatavuka mawe mawili."

"Shemeji..." Redio alianza.

"Shusha kwanza hiyo bunduki yako, tutaongea."

Mhifadhi hakuuliza lolote kuhusu sheria. Aliulizia kinyonga. Mama akaangalia ile mipodo minne mara moja tu, akaenda kwenye wa nne, akahesabu matawi kwa kidole, akasogeza jani. Alikuwepo, pembe tatu, jicho moja limefungwa na moja linawatazama. Mhifadhi alisogea mpaka miwani ikaingia ukungu, akasahau kuwa yeye ni bosi, akasema, "Jamani!"

Wale wanawake wawili wakapanda mpaka bikoni ya mwisho. Wanaume wakabaki juu ya jiwe na viazi.

"Mzee," Redio alisema hatimaye, "kuhusu yale maneno ya ofisini, ya afya..."

"Kula kiazi," alisema Mzee Kilele.

* * *

Ijumaa wote wawili waliitwa ofisini. Mama alivaa gauni lake la kwenda mjini, akakaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani. Mzee alivaa sare, maana hakujua kama ataivaa tena.

"Nilijua tangu nilipoona picha moja ambayo sikuwaonyesha," alisema Mhifadhi. "Jambazi gani anakaa chini kujaza fomu yetu? Nilitaka tu useme mwenyewe, Mzee wangu." Hakuinua sauti, na hilo lilimfanya Mzee aone aibu upya. "Fomu themanini na sita zina sahihi yako na wewe hukuwepo. Kwa sheria ningekufukuza leo. Nimekuandikia onyo la mwisho. Jumatatu unaanza getini."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Na nyumba?"

"Nyumba ni ya anayepanda." Akamgeukia mama. "Nafasi ya doria ya juu nitaijaza kwa mkataba wa miezi sita, wa majaribio. Nimekuandikia maombi. Ila makao makuu wanataka uthibitisho wa uzoefu, mama yangu, na hapo ndipo pagumu. Kila kazi uliyofanya imesainiwa na mumeo. Kwenye karatasi wewe hujawahi kukanyaga msitu."

Mama akatazama mikono yake. Mzee akatazama sakafu. Hakuna aliyemwibia mwenzake kwa makusudi, lakini kitu kilikuwa kimeibwa, na wote watatu walikiona.

"Ninachonacho ni hizi." Mhifadhi akageuza kompyuta. "Ushahidi wa uvamizi. Nitachapisha nne, niambatanishe. Chagua."

Mama akachagua ya kiazi. Akachagua ya kuandika, na nyingine ya kufunga mkoba. Ilipotokea ya kuinama akaweka mkono mbele ya skrini. "Hiyo futa kabisa."

"Hiyo ndiyo ya kwanza nitakayoipeleka," alisema Mhifadhi, akaikuza pembeni, mbali na maua ya chungwa, mpaka vikaonekana vidole viwili vimeshika waya uliozungushwa kitanzi, na ndani ya kitanzi mguu mwembamba wa funo, mzima. "Watu wameitazama wiki nzima na hakuna aliyeona ulichokuwa unafanya."

Mzee Kilele naye hakuwa ameona. Alikuwa amekiona kitenge tu. Akatoa leso, akapenga, na hakusingizia mafua.

"Na mimi pale nyumbani," aliuliza baadaye wakiwa mlangoni, "nitakuwa nani?"

"Mgeni wa mwenye nyumba, Mzee wangu," alisema Mhifadhi. "Ukimpikia vizuri hatakufukuza."

* * *

Mkataba wa mama ulikuja baada ya mwezi, pamoja na koti jipya lenye namba yake na sheria mpya iliyozaliwa na kisa chao wenyewe: yeyote anayepanda, hata askari, lazima kwanza ajiandikishe getini, atie sahihi kwa mkono wake.

Basi Jumatano iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, mume na mke walitoka nyumba moja, wakashuka njia moja, wakagombana kidogo kuhusu chumvi ya maharage, na walipofika getini Mzee akafungua kibanda, akaingia, akakaa nyuma ya dirisha dogo na kuvaa kofia. Geti lilikuwa na njia mbili: kilango cha pembeni cha wageni, na kizuizi kirefu cha mti, kizito, ambacho huinuliwa kwa askari tu.

"Habari za asubuhi," alisema Mzee. "Unakwenda wapi?"

"Usinianze."

"Sheria, mama. Kazi?"

"Nitakuchapa na hii fimbo."

Mzee aliandika tarehe na saa, akageuza daftari, akampa kalamu. Mkewe, ambaye akili yake ilikuwa tayari juu ya kijito, kwenye miche, akainama na kutia sahihi upesi kama mtu anayefunga kifungo. Kisha akasita. Wote wawili wakaitazama. Mkia ulikuwa mrefu, umezunguka chini na kurudi juu.

"Hiyo ni yangu," alisema Mzee.

"Mkono umejiendea." Akaikata kwa mstari mmoja. Kalamu ikabaki hewani. "Yangu sina," alisema, na alijaribu kucheka. "Hivi nimewahi kutakiwa sahihi mimi? Hata kwenye mkataba walinitaka dole gumba."

Mzee alikuwa na mzaha tayari kinywani, akaumeza. Siku zile zote alikuwa ameona aibu kwa kuongopa ofisini. Asubuhi hii ndipo alipoona kwamba aliyedhulumiwa naye hakuwa ofisini. Alikuwa mbele yake, amevaa koti, anatafuta pa kuanzia.

"Samahani," alisema.

"Ya nini?"

"Ya themanini na sita."

Mkewe akasogeza daftari karibu, akaanza, polepole, ulimi umebanwa kidogo kati ya meno. Aliandika jina lake lote, herufi baada ya herufi, kwa mwandiko ule wa aliyekuwa wa kwanza darasani, na chini yake akapiga mstari ulionyooka, usio na mkia wowote. Akarudisha kalamu, akatundika mkoba, na kwa mazoea ya mke wa mtu akaelekea kilango cha pembeni.

"Si huko," alisema Mzee Kilele.

Akatoka kibandani akichechemea, akalishika lile gogo la kizuizi kwa mikono yote miwili, goti likalalamika, akaliinua mpaka juu, akalishikilia hapo mpaka mkewe akapita.